Mzabuni na Mnara Wetu wa Senene

Nisikilize kidogo, wewe uliyekifungua kitabu hiki, maana nataka kukueleza habari za mtu asiyeelezeka kwa haraka. Nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, kwa hiyo kurudia jambo hakunichoshi. Ukikwama mahali usijilaumu. Biashara ya kuuza mitambo ya ulinzi imepangwa makusudi ili mtu wa kawaida akwame, arudi nyuma na kusema, "Haya si ya kwangu." Ni ya kwako. Twende taratibu.

Sisi tulimwita Mzabuni. Alikuwa na jina la ubatizo kama sisi wote hapa kijijini kwetu Muleba, juu ya kilima, ziwa likiwa chini upande mmoja na njia ya kwenda Rubya upande wa pili. Lakini tangu alipoanza kuja nyumbani kila Krismasi na magari mawili, jina lile halikutumika tena. Mzabuni ni mtu anayeomba kazi ya kuuzia umma kitu. Shule ikihitaji madawati, maseremala wanaleta bei zao, mmoja anachaguliwa, analeta madawati, watoto wanakaa. Ni kazi halali. Huyu wetu hakuwa na madawati. Alikuwa wakala wa kampuni za nje zinazouza vitu vya ulinzi: boti za doria, kamera za kuona mbali, redio, mahema, na minara. Mmoja wa minara hiyo alituletea sisi.

"Mimi siuzi bunduki, Mwalimu," alikuwa akiniambia, akinishika begani kama mtu anayenipa siri. "Bunduki zina kelele. Mimi nauza usingizi. Nchi ilale."

Nikwambie mapema kwa nini namkumbuka na kwa nini simkumbuki kwa wema. Nilikuwa na jirani, mjane, Ma Adventina. Alipofika uzeeni alitaka jambo moja tu: azikwe kwenye kibanja chake, ubavuni mwa mume wake. Kama wewe si wa huku, kibanja ni shamba letu la nyumbani. Nyumba iko katikati, migomba imeizunguka, kahawa iko kati ya migomba, na waliotutangulia wamelala humo humo, hatua chache kutoka jikoni. Mtu wa kwetu anaweza kuishi Mwanza au Dar maisha yake yote, lakini ukimuuliza atazikwa wapi hafikirii mara mbili. Mzabuni alilijua hilo vizuri kuliko yeyote. Hata hivyo, yeye ndiye aliyelitia shaka jambo la yule mama kwa miaka.

Alipenda kuvaa kaunda suti za kijani kibichi, rangi ile ile ya askari, zilizopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Hakuwahi kuwa askari hata siku moja. Wakati wa vita vya Kagera, vijana wa rika letu walipoondoka, yeye alikuwa shuleni mkoa wa mbali, na hilo si kosa. Kosa ni kwamba marehemu kaka yangu, aliyerudi na mguu mbovu, alipomsimulia jinsi walivyovuka mto, Mzabuni aliichukua habari ile kama anavyochukuliwa kuku aliyepotea. Nilimsikia kwa masikio yangu, sebuleni kwake, akiwaambia wageni wawili Wazungu kwa Kiingereza chake kilichonyooka: tulivuka, tukalala kwenye maji, tukasikia mizinga. Kaka alikuwa amekaa palepale kwenye kiti cha pembeni. Tulipotoka aliniambia, "Muache. Labda huo ndio mguu wangu anaotembelea."

Na mtu huyu aliyelala kwenye maji ya vita aliogopa kelele kupita kiasi. Kwenye harusi ya binti wa mchungaji vijana walipasua baluni, Mzabuni akadondosha sahani ya pilau na kuingia chini ya meza mpaka kiunoni. Alipotoka alisema alikuwa akitafuta miwani, nayo ilikuwa usoni.

Nyumba yake ilikuwa kubwa kuliko kanisa, ghorofa, na madirisha ya vioo vya rangi ya chai. Kutwa nzima alihubiri hatari: mipaka iko wazi, ziwa liko wazi, adui halali. Lakini nyumba yenyewe haikuwa na ukuta wala geti. Nilimuuliza kwa nini. Akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Ukuta wa nini, Mwalimu? Hapa kuna nani wa kuniibia?"

Fikiria hapo kidogo kabla hatujaendelea. Mtu aliyeuza woga kwa nchi nzima hakuwa na woga wa kutosha kununua geti.

Sasa nikueleze kazi yake ilivyokwenda. Nitaanza na mkungu wa ndizi, kwa sababu mimi mwenyewe niliielewa hapo.

Kanisani kwetu, baada ya ibada, sadaka za mazao hupigwa mnada nje: ndizi, kuku, mayai, maharage. Anayeuza ni mzee Rwegasira, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kengele na mdomo usio na breki. Jumapili moja baada ya Krismasi alinyanyua mkungu aliouleta Ma Adventina.

"Haya waitu, watu wetu! Mkungu huu umetoka kwa Ma Adventina, umelelewa kama mtoto wa kwanza! Nani anaanza?"

Mama mmoja akataja bei yake. Mzabuni akataja mara mbili yake. Hakuna aliyekuwa na ubavu wa kufuata.

"Basi umepata, Mzee," Rwegasira akasema. "Njoo uchukue."

"Sijamaliza," Mzabuni akajibu, akapandisha tena.

"Lakini mzee wangu, mwenzako ni nani? Unashindana na nani?"

"Na mimi mwenyewe!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Akapandisha tena na tena, kila mara akigeuka kutazama kama tunamtazama, mpaka Rwegasira akasema, "Tafadhali Mzee, acha, usije ukajishinda!" Uwanja mzima ukalipuka kwa vicheko. Na mkungu? Aliusahau. Dereva hakuambiwa auchukue. Uliivia kwenye chumba cha mchungaji, ukaoza, mke wa mchungaji akawatupia mbuzi.

Ndivyo kazi yake ilivyokuwa. Muuzaji mmoja, hakuna mshindani, bei inapanda kwa sababu tu kuna mtu anayetaka ipande, na kilichonunuliwa kinaozea chumbani. Tofauti ni moja. Pale kanisani Mzabuni alikuwa akitoa fedha yake. Kazini alikuwa akitoa yako.

Utaniuliza, inawezekanaje? Mbona madawati yakinunuliwa kwa bei ya ajabu watu wanakuja kukagua? Swali zuri, na jibu lake ni neno moja: siri. Ukiuliza bei ya chaki, utaonyeshwa. Ukiuliza bei ya mnara wa kuchunga ziwa, utaambiwa hayo ni mambo ya usalama, na ukiuliza mara ya pili, wewe ndiye utakayeulizwa. Sisemi kwamba hakuna siri za kweli. Ulinzi una siri zake, na askari wanaolinda nchi wanastahili viatu vizuri na chakula cha moto. Lakini Mzabuni alilitumia neno lile kama mtu anayetandika blanketi juu ya kitanda ambacho hajakitandika vizuri. Nilimwambia hivyo. Hakukasirika. Watu wa aina yake hawakasiriki, na hilo ndilo linalochosha.

"Mwalimu," alisema, "ukijua bei ya usalama, adui naye ataijua."

"Atafanya nini na bei?"

"Atacheka," akajibu, na nadhani hiyo ndiyo mara pekee aliyoniambia kweli bila kukusudia.

Kuhusu wanasiasa alikuwa na msemo wake: "Mimi sina chama, nina wateja." Wakati wa uchaguzi alichapisha fulana za mgombea, kisha akachapisha za mpinzani wake, kwenye mashine ile ile mjini Bukoba. Alimpa mmoja gari la kampeni na mwingine spika. Aliyeshinda alimshukuru, na aliyeshindwa alibaki na deni la shukrani kwa ajili ya mara nyingine. Alimwajiri mstaafu mmoja aliyekuwa na cheo kikubwa, awe "mshauri". Kazi ya mshauri huyo ilikuwa kubisha hodi kwenye ofisi za watu aliowafundisha kazi, maana nani atamwacha mkubwa wake wa zamani nje ya mlango? Na siku moja, akiwa na lubisi, pombe yetu ya ndizi, kichwani, Mzabuni alinisimulia jambo alilolihesabu kuwa ufundi wake mkubwa. Alimwandikia mheshimiwa mmoja swali la kuuliza bungeni kuhusu ulinzi wa ziwa. Kisha akamwandikia aliyepaswa kujibu jibu lake.

"Nilijiuliza, nikajijibu, nikajiuzia," alisema, akajipiga paja. "Unaelewa, Mwalimu? Nshomile!"

Neno hilo maana yake ni "nimesoma", na Watanzania wengine hutucheka Wahaya kwa neno hilo, kwamba hatuwezi kukaa bila kutangaza elimu yetu. Wengi wetu tunacheka nao. Mzabuni alilivaa kama nishani.

Diwani wetu ndiye alikuwa rahisi kuliko wote. Mzabuni alimpeleka nje kutembelea kiwanda cha minara. Alirudi na kofia. Kofia nyeusi yenye nembo ya kampuni, ambayo tangu siku hiyo hakuivua isipokuwa kanisani, tena wakati wa sala tu. Kwa kofia hiyo alituletea mnara.

Siku ya kutambulisha mradi alisimama mbele yetu akaeleza kwamba kilima chetu kimechaguliwa. Kutoka juu kamera zitaona ziwa lote, mashua kwa mashua. Mzee Rwegasira akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, adui anayetoka ziwani ni nani?"

"Adui hatajwi."

"Basi kamera zitamjuaje?"

Watu wakacheka, diwani akarekebisha kofia, na mnara ukajengwa. Ulikuja kwa vipande kwenye malori marefu ambayo yalikwanguliwa na migomba pande zote mbili za njia. Ulisimama mrefu, mweupe, na mizunguko ya nyaya chini yake. Juu kulikuwa na kamera, na taa kubwa sana zikielekea pande zote.

Kamera zilitengenezwa kwa ajili ya nchi za jangwa. Hili tulilijua kwa fundi aliyeletwa kutoka nje, kijana mpole aliyekuwa akilala hotelini Bukoba karibu na ziwa na kuletwa kwetu kwa gari akiwa amesinzia. Huku kwetu kuna ukungu asubuhi, mvua mchana, na buibui wanaopenda kila kitu kilichosimama. Kioo cha kamera kiliota unyevu kwa ndani. Hakuna fundi wa Bukoba wala wa Mwanza aliyeruhusiwa kukifungua, maana mkataba ulisema ni kiwanda tu. Kifaa kilipoharibika kilisubiri meli. Fundi alipokuja kifaa kilikuwa hakijafika, na kilipofika fundi alikuwa ameondoka. Kwa hiyo mlinzi alipotaka kujua ziwani kuna nini, aliwapigia simu wavuvi.

"Mnaona nini huko?"

"Maji."

Akaandika: hali ni shwari.

Nilimwambia Mzabuni kwamba mnara wake hauoni. Nilitarajia ajitetee. Alinitazama kwa huruma, kama mimi nilivyokuwa nikimtazama mtoto aliyeshindwa kujumlisha.

"Mwalimu, bei ya mnara wenyewe ilikuwa kionjo tu. Tunakula kwenye matengenezo. Ungekuwa unaona vizuri, tungekula nini?"

Kisha ukaja mwezi wa senene. Wewe wa mbali, senene ni panzi wa kijani wanaoruka kwa makundi wakati wa mvua za mwishoni mwa mwaka. Kwetu ni chakula kinachopendwa kuliko nyama. Hukaangwa na chumvi kidogo, hufungwa kwenye vifurushi na kutumwa kwa basi kwa watoto walioko mbali, ambao hupiga simu na kulia kwa furaha. Na senene hufuata taa. Taa za mnara zilikuwa na nguvu kuliko taa zote kuanzia kwetu mpaka Kanazi.

Alfajiri ya kwanza tulipotoka nje, kilima kilikuwa kijani kinachotembea. Watu walikwea na ndoo, madebe, mashuka, wengine na mito waliyoitoa pamba. Walinzi nao ni watu, na mmoja alikuwa mtoto wa Ijuganyondo, pale Bukoba, hahitaji kufundishwa senene. Usiku uliofuata walisimamisha mabati chini ya taa na kuweka mapipa. Mzee Rwegasira alipanda kwenye jiwe, akapaza sauti, "Adui kakamatwa, waitu! Leteni chumvi!"

Nilicheka sana siku hiyo, sikufichi. Lakini nifuate, kwa sababu kicheko kile ndicho kilichomfikia Ma Adventina.

Mzabuni alikuja kutoka Dar akapiga picha. Sisi tulidhani ataona aibu. Alituomba tusimame kwa mstari, na ndoo zetu tuziweke nyuma. Picha ile aliituma kwa wenye kiwanda na kwa wakubwa walionunua, na maelezo kwamba wananchi wanaupenda mnara, wanajitokeza kwa wingi alfajiri kushirikiana na walinzi, na wanaomba upanuliwe. Hivyo ikazaliwa awamu ya pili: mnara mwingine, nyumba za walinzi, uzio. Na eneo la awamu ya pili likawa kibanja cha Ma Adventina.

Wapimaji walikuja mchana, vijana wenye adabu, wakapigilia vigingi vya saruji kati ya migomba yake. Kimoja kiliingia karibu kabisa na kaburi la mume wake. Nilikuwepo, kwa sababu Ma Adventina alituma mtu aniite. Kiongozi wao alimsomea masharti: asijenge, asipande mazao ya kudumu, asizike.

"Asizike nani?" Ma Adventina akauliza.

"Yeyote, mama. Kaburi jipya haliruhusiwi."

"Kwa hiyo nisife?"

"Kufa ruhusa, mama," kijana akasema, akiona haya. "Tunazungumzia kaburi."

Alicheka, yule mama, na alikuwa na kicheko kizuri. Halafu akaketi chini kwenye nyasi za migomba na hakucheka tena siku hiyo.

Hapa ndipo ninapotaka uwe makini, kwa sababu kosa lililofuata lingeweza kufanywa na mtu wa kwetu tu, tena mtu mwema. Kwetu mgeni hupewa buni za kutafuna, kahawa iliyochemshwa na kukaushwa na maganda yake, kwenye kikapu kidogo. Zamani watu walioapa undugu waligawana buni moja, nusu kwa nusu, na kiapo hicho hakikuvunjwa. Siku hizi ni ukarimu tu. Lakini kwa wazee, kula kahawa kutoka mkononi mwa mtu bado kuna uzito.

Krismasi ile Ma Adventina alikwenda kwa Mzabuni na kikapu chake. Alimweleza habari ya kaburi. Mzabuni alipiga goti mbele yake, nakiri alilipiga vizuri, akachukua buni kutoka kiganjani mwake akazitafuna.

"Ma, mimi ni mwanao. Jambo hili nitalishughulikia."

Mwaka uliofuata alikwenda tena. Goti, buni, nitalishughulikia. Na mwaka uliofuata. Nilimwambia, "Ma, twende kwenye mkutano wa kijiji. Tuulize mbele ya watu kama mradi huu upo na lini utaanza."

"Wewe Mwalimu una haraka," alinijibu. "Nimuulize mwenyekiti nini, na mwenye jambo amekula kahawa mkononi mwangu?"

"Labda alikuwa na njaa, Ma."

"Nyamaza. Mtu wa hapa hawezi kumnyima mtu wa hapa kaburi."

Katika miaka hiyo ugonjwa wa mnyauko ukaingia kwenye migomba yake. Mwingine angeng'oa na kupanda upya. Yeye alikuwa ameambiwa asipande. Kahawa ilizeeka, hakupanda nyingine. Kibanja kilichokuwa giza mchana kwa majani kikaanza kupitisha jua, mpaka ukisimama njiani ukaona vigingi vyote, vyeupe, na kaburi moja katikati. Nyuma yake mnara ulikuwa umezimwa. Mafuta ya jenereta yalikuwa yamekwisha, na mkataba wa kuyaleta ulikuwa wa mzabuni mwingine.

Mtu mwenye haki aseme mazuri ya mtu pia. Mzabuni alisomesha watoto wa dada zake. Aliezeka upya kanisa baada ya tetemeko. Hakuwahi kumtukana mtu, na ukiugua alituma salamu. Nimejaribu kuyaweka hayo kwenye mizani upande mmoja, na sitakudanganya kwamba yalikuwa mepesi. Lakini wema wake wote ulikuwa wa kitu alichoweza kutoa bila kukosa usingizi. Kitu kidogo ambacho kingemgharimu, neno moja la kweli kwa mama mzee, hakukitoa. Ninamdharau kwa hilo kuliko kwa mnara.

Mara ya mwisho nilipokaa naye ilikuwa msibani. Ma Adventina alifariki kwa homa ya mapafu, akiwa ameshika mkono wa mke wangu, na neno lake kuhusu kaburi lilikuwa lile lile.

Watoto wake walifika kutoka Mwanza asubuhi. Wachimbaji walikuwa wamefika ubavuni mwa kaburi la baba yao, wakakiona kigingi, wakaweka majembe chini. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa na hofu ya kweli usoni.

"Siwezi kuruhusu, jamani. Eneo ni la ulinzi. Nikiruhusu mimi ndiye nitakayefungwa."

"Mpigie diwani," nikasema.

"Nimempigia. Hapatikani."

Mtoto wa kwanza, Projestus, mtu mzima mwenye mvi, alisimama katikati ya migomba akiwa ameshika kofia mkononi. "Mwalimu, tufanye nini? Mjini Bukoba kuna makaburi ya umma. Tumpeleke huko?" Dada yake aliposikia neno hilo alianza kulia kwa sauti, na wanawake ndani wakamfuata, wakidhani mwili unatolewa.

Ndipo magari mawili yakafika. Mzabuni alishuka taratibu, sasa akitembea kwa fimbo, kaunda suti ikiwa kubwa kuliko mwili. Alikuwa na shada la maua na bahasha ya rambirambi. Alitupa pole, mmoja mmoja, vizuri kabisa. Projestus alimweleza kilichotukwamisha.

"Zikeni tu," Mzabuni akasema.

"Na mradi?"

"Mradi upi? Awamu ya pili ilifutwa zamani."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nilimshika mkono nikamkalisha kwenye benchi, nikakaa naye.

"Zamani lini?"

"Kabla ya uchaguzi uliopita. Kiwanda kiliuzwa, Mwalimu. Wenye nacho wapya wanatengeneza ndege zisizo na rubani. Minara imepitwa na wakati."

"Ma Adventina alikuja kwako Krismasi iliyopita na kikapu cha buni."

"Alikuja."

"Hukumwambia."

"Hakuuliza kama umefutwa. Aliuliza kama nitalishughulikia." Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anayesoma mkataba. "Na vigingi vile, Mwalimu, vina kazi. Eneo lililokwisha kupimwa ni mtaji. Ukienda kuuza jambo jipya unasema, eneo ninalo tayari, wananchi wamekubali. Ningeving'oa ningeanza upya."

"Kwa hiyo alikaa miaka yote hii bila kupanda mgomba, ili wewe uwe na cha kusema."

Alifikiri. Nakuapia, alifikiri kweli, akatazama migomba michache iliyobaki kama anaiona mara ya kwanza.

"Nilimheshimu sana yule mama," akasema. "Sikutaka kumsumbua na mambo ya kitaalamu."

Nilikuwa na maneno mengi. Nimefundisha watu wagumu, na najua kuna mtu ambaye hajaelewa na kuna mtu ambaye kuelewa hakumfanyi kitu. Niliondoka pale kwenye benchi, nikaenda kumwambia Projestus kwamba hakuna mradi, na kwamba mama yake alikuwa na haki ya udongo ule kila siku ya miaka ile. Mzee Rwegasira ndiye aliyechukua sururu ya kwanza. Kigingi kilikuwa ndani ya upana wa kaburi, kwa hiyo kilitoka. Tulimzika Ma Adventina mchana huo ubavuni mwa mume wake, mchungaji akasoma, watu wakaimba. Mzabuni aliimba pia, sauti ya pili, bila kukosea.

Ma Adventina alipata alichotaka. Hakujua kamwe kwamba alikuwa nacho muda wote. Angejua, angepanda. Na sababu ya kutokujua ni kwamba swali lake alilipeleka sebuleni kwa mtu mmoja, ambako jibu linaweza kutafunwa na kumezwa.

Kwa hiyo, wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, fanya hivi. Kama kuna kigingi kwenye shamba lako, au mtambo kwenye kilima chenu ambao hujui unafanya nini, usiende nyumbani kwa aliyeuleta. Subiri mkutano wa kijiji. Fika mapema, keti mbele. Mwenyekiti akifungua mengineyo, simama, taja jina lako, uliza mambo matatu: kazi hii bado ipo? Kama ipo, itakwisha lini? Ikifutwa, ni nani atakayeniambia? Usiogope sauti ikitetemeka, itatulia yenyewe. Kisha usiketi mpaka mtendaji ameandika swali lako na jibu lake kwenye muhtasari, na amekusomea kwa sauti mbele ya wote.